Sombe na mifupa, na nani alinde moto

Majani ya muhogo, ambayo yakitwangwa tunayaita sombe, ni mboga ya bei ndogo katika soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, na mifupa ya ng'ombe yenye nyama kidogo mwenye bucha huitoa bila kubembelezwa sana. Kwa hesabu hiyo sombe na mifupa ingekuwa chakula cha mtu asiye na kitu. Lakini pita mitaa yetu mingine, Katuba, Kamalondo au Ruashi, uulize ni lini mara ya mwisho walipika chungu hicho kwa namna yake, saa tatu au nne juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Utasikia habari za Jumapili, za ubatizo, za kilio. Siku za kazi Lubumbashi tunakula lengalenga na ndakala, yaani mchicha na dagaa, dakika ishirini, basi, kila mtu anarudi kwenye shughuli yake. Kilichopanda bei ni moto, na mtu wa kukaa kando ya moto huo.

Kwetu mtu huyo ni mimi. Mke wangu anauza vitambaa sokoni, anatoka mapema na kurudi jua likizama. Mimi natengeneza simu kwenye meza uani, chini ya mwembe, na kwa kuwa meza iko hatua chache kutoka mbabula, kazi ya kulinda chungu ikaniangukia bila mkutano wowote. Mwanzoni majirani walicheka. Wanaume wenzangu walikuwa wakipita makusudi. Siku hizi wanapita kuuliza kama imeiva.

Msimu mzuri wa sombe hii ni Juni na Julai, wakati baridi ya kiangazi inapokaa mjini na asubuhi watu wanaonekana na makoti mazito, jambo ambalo ndugu wa Kalemie wakija hawaliamini. Moto uani wakati huo unakaribisha watu. Oktoba, joto likipanda kabla ya mvua, hakuna anayetaka kusogea karibu na mbabula.

Nianze na majani, maana ndiyo yanayoharibu au kuokoa kila kitu. Chukua yale ya juu tu, ya ncha, laini, ambayo bado yanang'aa. Ya chini yana nyuzi ambazo hata moto wa siku nzima hauzimalizi. Vikonyo vyote unakata. Halafu unaosha, na hapa nina ukali kidogo: maji mara tatu, si mara moja. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua karibu hainyeshi, na malori ya madini yanapita mchana na usiku. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini vya Katanga, eneo letu hili, wakakuta kobalti na metali nyingine kwa viwango vya juu sana. Maji hayawezi kuondoa kile ambacho mmea umekinyonya kwa mizizi. Lakini vumbi lililolala juu ya jani linaondoka, na ukiangalia rangi ya maji ya kwanza hutahitaji kushawishiwa tena. Ndiyo maana pia namuuliza mama muuzaji majani yake yametoka upande gani. Mama mwaminifu hatachukia swali hilo.

Kisha kutwanga. Kuna wanaoapa kwamba bila kinu na mchi hakuna sombe. Mimi sina ugomvi na mashini ya sokoni, ile unayompa kijana majani yako, anayasukuma kwa kijiti, na kabla hujamaliza kusalimiana na watu yanatoka chini yakiwa unga mbichi. Mchi hutoa ladha nzuri zaidi, nakubali, kwa sababu huponda badala ya kukata. Lakini mchi unadai mikono miwili na mgongo wa mtu, na katika nyumba nyingi mgongo huo umekuwa daima wa msichana ambaye angekuwa shuleni au akipumzika. Niacheni na mashini.

Jambo ambalo halina mjadala ni kwamba majani yatwangwe, kwa njia yoyote ile, na yatwangwe yakiwa mabichi. Jani la muhogo lina sumu. Ndani ya seli zake kuna kitu kiitwacho linamarini, na kwenye kuta za seli hizo kuna kimeng'enya, linamarase. Jani likiwa zima, viwili hivyo havikutani. Ukilitwanga, kuta zinavunjika, kimeng'enya kinaifikia linamarini na kuivunja, na mwisho wake inatoka sianidi. Habari njema ni kwamba sianidi hiyo, ikiwa huru, inageuka mvuke kwenye nyuzi 26 hivi tu za Selsiasi, chini ya joto la mchana wa Oktoba. Sufuria ikichemka bila kifuniko, inaondoka. Bibi zetu hawakuwa na jina la kimeng'enya hicho, lakini walijua kwamba majani yaliyotwangwa huachwa kidogo kabla ya kwenda motoni, na kwamba sufuria ya sombe haifunikwi saa ya kwanza. Kambo yangu, yaani bibi mzaa mama, alikuwa akiondoa kifuniko jikoni kabisa, akikipeleka chumbani ili mtoto mwenye bidii ya kusaidia asije akakitumia.

Wako wanaochemsha majani kwanza, ndipo wayatwange, kwa sababu yakiwa yamelegea mchi hauchoshi. Siwalaumu kwa kuchoka. Lakini joto linaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki ilivyo. Ukifuata njia hiyo, mwaga maji yale ya kwanza, usiyapikie. Mimi nabaki na wanaotwanga mabichi.

Si vitisho vya bure. Katika nchi yetu kuna ugonjwa uitwao konzo, unaopooza miguu ghafla na hauponi. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938, akitokea Kwango, upande wa magharibi. Konzo unahusishwa na mizizi ya muhogo mchungu isiyolowekwa vya kutosha, na wanaoupata ni wale ambao sahani yao haina kitu kingine karibu chochote. Ili mwili utoe sianidi unahitaji salfa, na salfa hiyo inatoka kwenye protini. Kwa hiyo nyama na karanga ndani ya sombe zina kazi zaidi ya ladha, na sombe na mifupa ni ndoa ya akili, hata kama waliofunga ndoa hiyo walikuwa wanafikiria utamu tu.

Sasa mifupa. Omba muundi, ile sehemu ya mguu chini ya goti, yenye mishipa, ngozi nyeupe kati ya misuli, na uboho katikati. Usikubali nyama laini. Nyama laini ukiipika saa tatu inakuwa nyuzi kavu kinywani, na umelipa zaidi kwa hasara hiyo. Mbuzi mzee pia anafaa, tena sana, ila harufu yake inahitaji tangawizi. Unaweka mifupa kwenye maji baridi, unawasha moto, povu likipanda unalitoa kwa mwiko, unatia kitunguu kimoja kizima na chumvi kidogo. Baada ya hapo kazi ni kupunguza, si kuongeza.

Mama mmoja mzee wa jirani, mjane wa mfanyakazi wa mgodi, alinikuta siku moja nikipepea makala, yaani makaa, kwa kipande cha katoni, sufuria inaruka. Akasimama, akaweka kikapu chini.

“Mutoto yangu, ile moto yako ni ya kuyeyusha shaba. Hapa kuko shaba?”

“Hapana, mama. Ni mifupa.”

“Basi acha ilale.”

Akachukua majivu kwa kikopo akayamwaga juu ya makala, taratibu, upande mmoja kisha mwingine, mpaka wekundu ukabaki kuonekana kama kwa dirisha dogo. Makala yaliyofunikwa majivu hayapati hewa nyingi, yanaungua polepole, na gunia linakaa muda mrefu zaidi. Sufuria ikatulia, ikawa inatoa kiputo kimoja kimoja. Nyama ngumu ndivyo inavyotaka. Zile nyuzi nyeupe zinazoshika misuli zinaanza kuyeyuka kuwa ute kuanzia nyuzi 70 hivi, na zinahitaji muda kuliko joto. Ukichemsha kwa fujo unakaza misuli na kufanya mchuzi kuwa na ukungu. Na tukumbuke kwamba Lubumbashi iko mita 1,200 na zaidi juu ya bahari, na kila mita 300 hivi zinapunguza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi moja. Maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96. Moto mkubwa hauwezi kuyapandisha zaidi ya hapo, unayamaliza tu. Kwa hiyo mtu wa Matadi, kule chini karibu na usawa wa bahari, akikuambia mifupa yake inaiva kwa saa moja na nusu, mwongezee muda, usimwongezee moto.

Muda huo mwingi zamani ulitoka wapi? Watu wa mjini tunapenda kusema kwamba chungu cha polepole kilikuja nacho kambo kutoka kijijini. Kwa sehemu ni kweli. Lakini nikisikiliza wazee wa hapa, naona kwamba chungu hiki kama tukijuavyo, na mifupa yake ya ng'ombe na mafuta yake mekundu, ni mtoto wa kambi za wafanyakazi wa migodi. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, iliundwa mwaka 1906. Mji ulianzishwa mwaka 1910, reli kutoka kusini ilipofika. Mwanzoni kampuni ilileta wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, wakafa wengi na wengine wakatoroka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili mwendo: mfanyakazi aje na mke, akae na watoto, alelewe. Ndipo posho ikawa ya nyumba nzima: unga wa mahindi, nyama au samaki, maharagwe au karanga, mafuta ya mawese, chumvi. Mluba wa Kasai, Mbemba wa Luapula, Mtetela na watu waliotoka Ruanda-Urundi wakapewa vitu vile vile kwenye foleni ile ile. Kila mwanamke akavigeuza kwa mkono wa kwao, akamchungulia jirani, akaiba kidogo. Mawese yenyewe hayatoki hapa. Michikichi inataka joto na mvua za kaskazini, na baridi yetu ya Juni haiipendi. Muhogo ulitoka Brazil kwa meli za Wareno katika karne ya 16, na karanga, nyanya na pilipili asili yake ni Amerika pia.

Kulikuwa na msemo, wazee bado wanautamka: kazi njo baba, kazi njo mama, yaani kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Baba akienda mgodini king'ora kikilia, mama alibaki nyumbani, na kampuni ilitaka hivyo hasa. Saa nne za moto zilikuwa zimelipwa tayari, kwa mshahara wa mtu mwingine. Sitamani kurudi huko. Kambo aliniambia jinsi watu wa kampuni walivyokuwa wakipita kukagua nyumba kama zimefagiliwa, na alisema kwa sauti ya mtu ambaye hajasamehe.

Halafu mambo yakavunjika. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mwaka uliofuata mji ukaporwa, mishahara ya Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ikawa inachelewa miezi na miezi, na kuanzia mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango wa kujiuzulu kwa hiari, ambao wengi wao hawauiti kwa jina hilo. Waliolisha mji huu miaka hiyo ni akina mama. Waliuza unga kwa meka, yaani kopo la kupimia, mafuta kwa chupa, makala kwa mafungu. Wakatoka uani, na chungu cha saa nne kikakosa mlinzi. Hakuna aliyekaa kikao akaamua tuache kupika hivi, bali mwenye kujua kupika alikuwa sokoni.

Na moto wenyewe ukawa mgumu. Katanga ina umeme tangu zamani: bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira ni la mwaka 1930. Mwaka 1982 ikakamilika laini ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, ikivuka nchi karibu nzima. Umeme huo ulijengwa kwa ajili ya shaba. Vijiji ambavyo nyaya hizo zinapita juu yake vilibaki gizani, na mijini resho, jiko la umeme, inawaka leo, kesho hapana. Huwezi kuanza mifupa kwenye resho saa nne asubuhi ukiwa na uhakika wa saa nane mchana. Kwa hiyo makala. Yanaingia kwa baiskeli kwenye barabara za Kasenga, Likasi na Kipushi, magunia yamepanda kuliko kichwa cha anayesukuma, kila mwaka yakitoka mbali zaidi kwa sababu miombo ya karibu imekwisha. Nikisema gunia ni ghali, najua pia kwamba jamaa yule amelala porini akilinda tanuru lake la udongo lisipasuke, siku kadhaa, na yeye pia ni mlinzi wa moto. Hatukumlipa usingizi.

Wengi wananiuliza kuhusu sufuria ya presha. Jibu langu lina pande mbili. Kwa mifupa, ndiyo, tumia, bila aibu. Ndani yake joto linapita nyuzi 110, muundi unalainika chini ya saa moja, na unaokoa makala ya kutosha chai ya siku mbili. Mchuzi unakuwa mzito, ingawa hauna ile harufu iliyokusanyika. Kwa sombe yenyewe, hapana. Kitu ambacho kinatakiwa kitoe mvuke wake nje hakifungiwi. Presha kwanza, halafu fungua, hamisha kwenye sufuria pana, na hapo sombe iingie, wazi.

Vipimo vyangu, kwa wanaopenda vipimo: kilo moja ya muundi kwa kilo moja ya majani kabla ya kutwangwa, maji lita tatu. Nyama ikifika nusu ya kuiva, yaani kijiko kinaingia lakini mfupa bado unaishika, mimina sombe. Koroga, acha ichemke wazi saa nzima na moto uwe hai kidogo. Rangi itatoka kwenye kijani cha nyasi kwenda kijani cha zeituni, na harufu kali ya majani mabichi itaondoka. Ndipo zifuate bilinganya mbili zilizokatwa vipande, pilipili hoho, majani ya kitunguu, kitunguu saumu kilichopondwa, na pilipili kali moja nzima isiyopasuliwa, ambayo mtu mzima mmoja anapewa jukumu la kuijua iko wapi. Magadi au bikaboneti sitii. Inalainisha majani haraka na kuyaacha ya kijani, ni kweli, lakini inaharibu vitamini C iliyobaki na kuacha ladha ya sabuni.

Karanga zilizosagwa zinaingia baadaye, kikombe kimoja, kikiwa kimechanganywa na mchuzi kando ili zisifanye mabonge. Kuanzia hapo usiondoke. Karanga hushika chini ya sufuria ukiwa unajibu simu, na sombe iliyoungua haitibiki kwa kitu chochote. Mteja wangu akija wakati huo anasubiri. Mawese mwisho kabisa, nusu glasi au zaidi kidogo, dakika ishirini kabla ya kuepua, bila kuyaunguza kwanza mpaka yawe meupe kama wanavyofanya wengine. Wekundu ule ni karotini, mwili unaugeuza kuwa vitamini A, kwa nini uufukuze kwa moshi?

Kuhusu mchemraba wa supu, nyumba yetu imegawanyika. Mimi nasema mifupa ya saa tatu haihitaji kusaidiwa. Mke wangu, akirudi, anaonja, ananyamaza, kisha anauvunja mchemraba nusu na kuutia mbele yangu. Wageni husifu sombe, na kila mmoja wetu hupokea sifa hizo.

Bukari, yaani ugali, inapikwa wakati sombe imeshaepuliwa, juu ya makala yale yale. Unga mweupe wa mahindi, na ukitaka inayovutika zaidi ongeza unga wa muhogo kidogo. Sehemu kubwa ya unga wetu inatoka Zambia, na wakifunga mpaka kwa mahindi, bei ya meka inapanda kabla gazeti halijaandika. Bukari ya kula na sombe iwe ngumu kuliko ile ya samaki, maana mchuzi wa muundi una ute, unataka kitu cha kuushikilia. Maji ya kuoga watoto yanawekwa baada ya bukari, na baada ya hayo, makala yakiwa yamebaki madogo, yanazimwa chini ya majivu na kuhifadhiwa kwenye kopo.

Sombe ya siku ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza, mafuta na karanga vikiwa vimeshazama kwenye majani. Julai inalala vizuri hadi asubuhi kwa ile baridi, mradi imechemshwa upya usiku na kufunikwa, Oktoba usijaribu. Jumatatu haitengewi moto wake. Inapashwa mpaka ichemke sawasawa, juu ya makala ya chai, saa kumi na mbili, kabla mke wangu hajafunga furushi lake la vitambaa.